Chumba cha Bure Melini na Hasara Isiyoonyeshwa

Katika meli za utalii za kampuni ya Royal Caribbean, mchezaji wa kasino anayeweka madau ya dola 5 katika mashine ya sloti, ile ya kamari ya bahati tupu, huandikiwa pointi moja, na anayecheza poka ya video, mchezo wa karata kwenye skrini, huipata pointi hiyo kwa madau ya dola 10. Kwa kanuni zilizotangazwa miaka ya karibuni, akifikisha pointi 2,500 ndani ya mwaka unaoanza tarehe 1 Aprili na kumalizika tarehe 31 Machi, hupanda kutoka daraja la Choice hadi Prime. Akifikisha 25,000 huitwa Signature, na akifikisha 100,000 huitwa Masters. Kadiri anavyopanda ndivyo zawadi zinavyoongezeka, kuanzia vinywaji vya bure anapocheza hadi chumba cha kulala katika safari ijayo, kwanza kile cha ndani kisicho na dirisha, baadaye chenye roshani inayotazama bahari. Carnival, Norwegian na MSC nazo zina mipango ya namna hiyo, yenye majina mengine na hesabu inayofanana.

Hoja yangu ni kwamba pointi hizo hupima kitu kimoja tu, nacho ni hasara ambayo kampuni inatarajia mchezaji aipate, na kwamba ubaya wa mpango mzima umo katika tarakimu ambayo kampuni inayo lakini haiichapishi kwenye kadi.

Msomaji wa Katuba au Kamalondo ana haki ya kuuliza meli za Florida na Texas zinamhusu nini, sisi ambao tuko Lubumbashi, kusini mwa Kongo, mbali na bahari yoyote. Zinamhusu kwanza kwa sababu ndugu zetu wengi wamehamia huko. Bandari ya Galveston, ambako meli hizi hung'oa nanga, iko mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Houston, na picha za safari inayosemekana kuwa ya bure hutufikia kwenye simu kabla meli haijarudi. Zinamhusu zaidi kwa sababu hesabu ile ile imekwisha kuingia katika simu zetu kwa jina la bonasi ya pari, yaani kubashiri mechi kwa fedha, na ni rahisi kuielewa mahali ilikokomaa kuliko mahali ambapo bado inajifunza kutembea.

Tuanze na namna pointi inavyozaliwa. Haitokani na fedha ulizotoa mfukoni; inatokana na jumla ya madau, yaani kila dola iliyopita ndani ya mashine, hata kama ni dola ile ile iliyopita mara kumi. Mtu akiketi na dola 100 na kucheza dola 1 kwa kila mzunguko, mashine itamrudishia kiasi, naye atakiweka tena, itamrudishia tena pungufu, naye ataendelea. Ikiwa mashine imejitengea asilimia 10 ya kila dau, basi kwa wastani dola zake 100 zitaandikwa kuwa madau ya dola 1,000 kabla hazijaisha, na kadi yake itaonyesha pointi 200. Mchezaji huondoka akiwa na hisia kwamba amevuna kitu, kwa sababu kitu pekee kilichoongezeka mbele ya macho yake usiku kucha ni zile pointi.

Sasa tupande naye hadi Prime. Pointi 2,500 ni madau ya dola 12,500. Kwa mashine inayobakiza asilimia 8, hasara ya wastani ni dola 1,000. Kwa inayobakiza asilimia 10 ni dola 1,250. Mashine za leo ni za kubofya, na mtu asiye na haraka kubwa hufikisha mizunguko 600 kwa saa, kwa hiyo kwa dau la dola 1 kazi nzima huchukua takriban saa 21, ambazo katika safari ya siku saba ni saa tatu kila usiku. Signature inataka madau ya dola 125,000, na kwa asilimia 8 hasara ya wastani ni dola 10,000. Nimesema wastani kwa makusudi, kwa sababu wapo watakaofika huko wakiwa na faida na wapo watakaopoteza mara mbili ya hapo. Kampuni haihitaji kujua nani ni nani, mradi wachezaji ni wengi na usiku ni mwingi.

Katika kasino zote kubwa, kinachotawala ugawaji wa zawadi ni hesabu ya hasara tarajiwa. Huchukuliwa wastani wa dau, ukazidishwa kwa idadi ya michezo katika saa, ukazidishwa kwa saa ulizoketi, kisha kwa asilimia ambayo mchezo wenyewe humwachia mwenye kasino. Ruleti, lile gurudumu la namba, ikiwa na namba 37, ile ya Ulaya, humwachia asilimia 2.7, yenye namba 38, ile ya Kimarekani iliyoongezewa sifuri ya pili, humwachia asilimia 5.26. Mtu anayeweka dola 25 kwenye ruleti hiyo ya pili, mizunguko 40 kwa saa, kwa saa nne, ameweka madau ya dola 4,000, na katika kompyuta ya kasino anaonekana kama mteja wa dola 210. Kutoka katika hizo 210 kampuni huamua ni sehemu gani imrudishie kwa sura ya chakula, kinywaji au chumba. Kwa hiyo aliyeondoka mezani na faida ya dola 3,000 na aliyeondoka amepoteza dola 3,000, ikiwa walicheza madau yale yale kwa muda ule ule, hupewa heshima sawa na barua ya mwaliko yenye maneno yale yale.

Anayetilia shaka maelezo haya atazame tena bei ya pointi. Kwa nini poka ya video inadai dola 10 wakati sloti inadai 5? Ni kwa sababu poka ya video ina ujuzi ndani yake. Aina moja ya mchezo huo, yenye jedwali zuri la malipo, humrudishia mchezaji hodari asilimia 99.54 ya madau yake, na mteja wa namna hiyo ana thamani ndogo mbele ya mhasibu. Bei ya pointi imepandishwa pale ambapo hasara ni ndogo. Mpango ambao ungekuwa shukrani kwa uaminifu wa mteja usingejali amekaa kwenye mashine gani.

Utaratibu huu haukubuniwa baharini. Kadi za kufuatilia wachezaji zilianza kutumika katika kasino za Atlantic City miaka ya 1980, lakini aliyezifanya kuwa sayansi ni kampuni ya kasino ya Harrah's, ambayo mwaka 1998 ilimwajiri Gary Loveman, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard katika masomo ya biashara. Mwaka 2003 Loveman alieleza kwa maandishi kile ambacho takwimu za kadi zilikuwa zimewafundisha: asilimia 26 ya wachezaji ndio walioleta asilimia 82 ya mapato, na hao hawakuwa matajiri wa kushuka kwa ndege binafsi. Walikuwa walimu, madaktari, mafundi wa mitambo, watu wa makamo na wastaafu wenye muda na pensheni. Kampuni hiyo baadaye ilichukua jina la Caesars, na tawi lake kuu lilipofilisika mwaka 2015, wadai walioorodhesha mali waliuthamini mpango wa kadi peke yake, pamoja na kumbukumbu za wateja wake, kwa yapata dola bilioni 1, yaani juu ya hoteli yoyote iliyokuwamo katika orodha ile. Kumbukumbu za nani hupoteza kiasi gani, siku gani na kwa kushawishiwa na nini, ziliwashinda marumaru na taa.

Wazee wa Lubumbashi waliolelewa katika makambi ya kampuni ya madini ya Union Minière, na baadaye Gécamines, wanaifahamu kampuni inayojua kila kitu kukuhusu. Ilijua mtu ana watoto wangapi, ikampimia unga wa posho kwa idadi hiyo, ikampa nyumba na hospitali, na watu wakasema kazi ndiyo baba na ndiyo mama. Tofauti ni kwamba mchimbaji alijua alichokitoa. Aliingia shimoni na mwili wake ukamwambia jioni. Mwenye kadi ya kasino hupokea posho yake bila kuonyeshwa ameilipia kwa nini.

Meli huongeza mambo ambayo kasino ya nchi kavu haina. Chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari wa mwaka 1982, mamlaka ya nchi huenea hadi maili 12 za baharini, takriban kilomita 22, na katika bandari nyingi kasino ya meli hubaki imefungwa mpaka chombo kitoke nje ya maji hayo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1951 kuhusu mashine za kamari, iliyolegezwa mwaka 1992 kwa ajili ya meli zenye bendera ya nchi hiyo, ndiyo iliyochora sehemu kubwa ya mpaka huo kwa safari zinazoanzia huko. Meli nyingi hata hivyo zina bendera ya Bahamas, Panama, Bermuda au Malta. Hapa msomaji wa Afrika atatabasamu kidogo akikumbuka kwamba Royal Caribbean, yenye makao yake Miami, imesajiliwa kisheria Liberia, kama Carnival ilivyosajiliwa kwa miaka mingi Panama. Jimbo la Nevada linataka mashine irudishe angalau asilimia 75 ya madau, na New Jersey inataka 83. Ukishavuka mpaka wa bahari, hakuna sheria ya jimbo inayokufuata kwenye kiti chako.

Hakuna pia jirani wa kumkimbilia. Las Vegas mchezaji asiyependa masharti ya meza huvuka barabara; melini barabara ni maji. Ndiyo maana meza za blakijaki, mchezo wa karata wa kutafuta jumla ya 21, zinazolipa 6 kwa 5 zimeenea katika meli. Katika kanuni ya zamani ya 3 kwa 2, aliyeweka dola 10 akapata 21 kwa karata mbili za kwanza hulipwa 15. Katika hii mpya hulipwa 12. Badiliko hilo dogo humwongezea mwenye meza takriban asilimia 1.4 ya kila dau, na kwa mchezaji makini hilo ni ongezeko la zaidi ya mara mbili ya hasara yake ya kawaida. Ukitazama kwa makini, vinywaji vya bure anavyojivunia mwenye daraja la Prime huenda vimelipwa na meza ile ile anayoketi akivinywa.

Fedha zenyewe hazionekani. Kadi inayofungua mlango wa chumba ndiyo inayolipia vinywaji na ndiyo inayohamishia dola kwenye mashine, mara nyingi kwa ada ya asilimia kadhaa, ambayo kuondolewa kwake huhesabiwa miongoni mwa zawadi za madaraja ya juu. Kisha safari inapokaribia mwisho, mchezaji huelezwa kwamba kwa pointi alizozikusanya katika safari hii amestahili cheti cha safari nyingine, na kwamba zimebaki pointi chache tu afikie hatua inayofuata, yenye chumba kizuri zaidi. Usiku huo wa mwisho, kwa maoni yangu, ndio moyo wa biashara yote. Mtu aliyekuwa amekwisha kuridhika na hasara yake hurudi kwenye mashine, safari hii akiwa hatafuti ushindi. Anatafuta pointi 150 zilizobaki, ambazo ni madau ya dola 750, kwa ajili ya chumba ambacho angeweza kukinunua kwa utulivu akiwa nyumbani.

Na chumba hicho kina bei mbili. Mchezaji hukihesabu kwa bei ya tangazo, tuseme dola 1,500 kwa watu wawili, akaona kwamba hasara yake ya dola 1,200 imerudi na ziada. Kampuni hukihesabu kwa gharama yake. Chumba kikisafiri kitupu hakina thamani yoyote tangu dakika ambayo kamba zimefunguliwa, na kukijaza hugharimu shuka na chakula, ambavyo karibu vyote vingekuwamo melini hata hivyo. Mgeni wa bure bado hulipa kodi na ada za bandari, bado hulipa bakshishi ya wahudumu, ambayo katika kampuni kubwa mara nyingi ni kati ya dola 15 na 20 kwa mtu kwa siku, bado hununua intaneti na matembezi ya nchi kavu, na juu ya yote ameshachaguliwa kwa kigezo kimoja, kwamba ni mtu anayecheza. Ni vigumu kupata abiria mwingine ambaye kampuni ingependa zaidi kumpa chumba.

Wapo watakaopinga, na upinzani wao si wa kijinga. Watasema kwamba mtu mzima anayependa bahari na anayependa kamari angepoteza fedha zake mahali popote, na ni afadhali azipoteze mahali panapomrudishia kitanda. Hilo ni kweli kwa mtu mmoja: yule ambaye dau lake, muda wake wa kucheza na chaguo lake la mchezo havikubadilishwa hata kidogo na mpango wa pointi. Kwake zawadi ni punguzo halisi. Lakini kampuni haitumii mamilioni kuendesha mpango ambao haubadilishi mwenendo wa mtu yeyote, na wachezaji wenye nidhamu kiasi hicho ndio wale ambao bei ya pointi imekwisha kuwatoza mara mbili kwenye poka ya video.

Turudi mjini kwetu. Kuanzia soko la mtaa wetu wa Kenya hadi ule wa Ruashi, vibanda vya pari vimezoeleka kama maduka ya kubadilisha fedha, na kijana asiyetaka kusimama kwenye foleni hupakia franka zake kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money na kubashiri akiwa kitandani, siku timu yetu ya Mazembe inapocheza na siku isipocheza. Simu imechukua nafasi ya ile kadi ya chumba: ndiyo pochi, ndiyo meza, ndiyo inayoandika kila kitu. Na zawadi zimefika, bonasi ya kupakia mara ya kwanza, kuponi ya bure baada ya kushindwa, daraja la mteja maalumu kwa anayecheza sana.

Tuchukue mfano wa bonasi ya franka 10,000 yenye sharti kwamba mchezaji aweke madau ya mara tano ya kiasi hicho, kwa kuponi zenye mechi tatu au zaidi, kabla ya kuruhusiwa kutoa chochote. Ikiwa kampuni imejitengea asilimia 6 katika kila mechi, basi katika kuponi ya mechi tatu haibakizi 6. Asilimia hizo huzidishana, na sehemu yake hufika karibu 17. Madau ya franka 50,000 yatamgharimu mchezaji, kwa wastani, franka 8,500 hivi. Zawadi ya 10,000 imebaki 1,500, na hapo bado hatujahesabu mazoea aliyoyapata ya kuunganisha mechi nyingi katika kuponi moja, mazoea ambayo yatabaki naye muda mrefu baada ya bonasi kuisha. Sharti la mechi tatu limewekwa na mtu aliyejua kuzidisha.

Kupiga marufuku zawadi hizi ni njia mojawapo. Ubelgiji, ambayo sheria zake tumezirithi kwa sehemu kubwa, ilizuia karibu matangazo yote ya kamari tangu tarehe 1 Julai 2023, na mwaka 2024 ikapandisha umri wa kucheza hadi miaka 21. Uingereza ilichagua njia ya kati: tangu Oktoba 2020 kampuni haiwezi kumpandisha mteja daraja la juu kabla ya kuhakikisha kwamba anazimudu fedha anazocheza, na lazima awepo kiongozi mmoja mwenye leseni anayewajibika kwa mpango huo. Kwetu naona marufuku ingewahamishia vijana kwenye tovuti za mbali zisizo na anwani, na ukaguzi wa kipato ungekuwa kichekesho katika mji ambao wengi hawana karatasi ya mshahara.

Ninachokitaka ni kidogo kuliko hapo na kinatekelezeka. Popote kampuni inapomwonyesha mteja pointi, daraja au bonasi yake, imwonyeshe pia, kwa herufi za ukubwa ule ule, jumla ya alichokiweka na alichokipoteza tangu mwaka uanze. Tarakimu hiyo haihitaji kutafutwa. Kampuni za meli huwapa wateja wao taarifa ya mwaka ya walichoshinda na walichopoteza pale wanapoiomba, kwa sababu Wamarekani huitumia katika hesabu za kodi. Anayeomba hupewa, asiyeomba hutumiwa picha ya roshani. Australia tangu Julai 2022 imezilazimisha kampuni za kubashiri mtandaoni kumtumia kila mteja aliyecheza taarifa ya kila mwezi yenye madau yake na faida au hasara yake, bila yeye kuiomba, na biashara hiyo haijafungwa.

Kampuni zinazofanya kazi hapa tayari hututumia ujumbe kabla ya mechi za Jumamosi, zikitaja jina la mteja na bonasi inayomngoja. Mamlaka inayotoa leseni inaweza kuagiza mstari mmoja uongezwe katika ujumbe huo huo: tangu Januari umeweka franka 640,000, umepoteza franka 118,000. Mteja akisoma hayo na bado akataka kucheza, acheze.